Maswali Mbele ya Baba Mkwe

Mwanangu, kabla hujaanza kuwapima watu afya ya akili, keti kwanza nikueleze siku moja ninayoikumbuka kwa aibu hadi leo, na mvi zote hizi.

Nilikuwa mwanafunzi wa saikolojia, nimepelekwa kujifunza kazi katika zahanati moja huko Ngara. Mzee mmoja wa Bukiriro akamleta mkamwana wake, Anastazia. Tangu ajifungue alikuwa halali, na mtoto hamtazami. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Mimi, mtoto wa Nyakahura niliyekua nikisema Kisukuma, Kihangaza, lugha yake, sikukijua.

"Uliza tu, daktari," mzee akasema. "Mimi nitatafsiri."

Nikavimba kichwa kwa kuitwa daktari. Nikasoma maswali ya kipimo tulichofundishwa chuoni: Unalia mara kwa mara? Unajiona huna thamani? Umewahi kuwaza kufa? Mzee akatafsiri, na Anastazia, macho chini, akanong'ona kila mara, "Oya." Hapana. Nikajumlisha majibu, nikaandika hana tatizo, nikawaruhusu waende.

Haikupita wiki akarudishwa hajitambui. Alikuwa amejaribu kujiua.

Mungu alimnusuru. Alipopata nafuu, msimamizi wangu, Mama Kemilembe, aliwatoa ndugu wote nje, akamwita muuguzi wa kike Mhangaza, nikarudia maswali yale yale. Safari hii Anastazia alikubali karibu yote, huku analia. Mwishowe akanitazama, akasema neno, na muuguzi akatafsiri:

"Anasema siku ile ulimuuliza baba mkwe wake. Yeye hukumuuliza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maana nilijua, mwanangu! Mama yangu mzazi, kwa heshima, hakuwahi hata kulitaja jina la babu yetu, baba mkwe wake. Mkamwana angemwambiaje baba mkwe kwamba amechoka kuishi? Nilijua, ila nilidhani mambo ya nyumbani hayahusiani na kipimo cha chuo. Mama Kemilembe hakunigombeza. Alinipa tu kile kichanga nikipakate mpaka mama yake apate nguvu, na nilishindwa kukitazama usoni.

Basi, kipimo kijue vizuri, lakini kwanza angalia nani amekaa chumbani. Usimfanye mkalimani mtu ambaye mgonjwa wako anamwonea haya au anamwogopa. Na anayekujibu "hapana" kwa kila kitu, usimfurahie haraka. Watoe wenzake nje, umuulize tena taratibu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio la subira, na akuepushe na kumrudisha nyumbani mtu aliyekuja kwako kuokolewa.