Ufunguo wa Shingo ya Besi

Msimu ule wa mvua gitaa la besi nililoachiwa na baba lilipinda shingo. Nyuzi zilinyanyuka, nikawa nazikandamiza mpaka vidole vinawaka, na mazoezi ya kwaya nikayachukia. Ndani ya shingo ya besi mna chuma kirefu chenye tundu la pembe sita kwenye ncha. Ukilegeza nyuzi kwanza, kisha ukakaza chuma hicho taratibu, shingo inanyooka. Baba alinifundisha, na alisisitiza jambo moja: ufunguo usicheze tunduni hata kidogo.

Nikabeba besi mgongoni, nikazunguka kwa wauza vyuma sokoni. Funguo zao zilikuwa za milimita; besi yangu ni ya vipimo vya inchi. Ya milimita tano ilikataa kuingia, ya nne na nusu ikaingia ikacheza. Nikamwagiza mfanyabiashara mmoja aniletee ufunguo wenyewe kutoka Kampala. Nyumbani Katoyi, ninapoishi na dada yangu na mumewe, nikawaambia wote: besi isiguswe.

Siku moja natoka kazini, namkuta mume wa dada ameilaza besi yangu juu ya meza ya chakula. Yeye ni motari, hubeba abiria, na pembeni ametandaza vifaa vya pikipiki yake. Mkononi ana ufunguo wa nne na nusu.

"Nimekusaidia, shemeji," akasema. "Imekaza sana, lakini nimeilazimisha."

Nikamulika tundu kwa simu. Pembe zote zilikuwa zimesagika, tundu limekuwa duara.

"Nani alikuambia uiguse?"

"Sasa unakasirika nini? Kle ni kle, ufunguo wowote ni sawa. Mwanamuke atajua nini mambo ya vyuma?"

Dada akaniomba ninyamaze, eti mumewe alikuwa na nia nzuri. Nia nzuri! Angeniuliza tu, ningemwambia. Lakini kuniuliza mimi hakukumpitia kichwani. Nikaiweka besi chumbani kwangu na kufunga mlango kwa kufuli.

Ufunguo wa Kampala ulipofika, nao ukazunguka bure. Nililia kwa hasira. Kisha nikarudi sokoni, nikanunua ule wa milimita tano uliokataa kuingia, pamoja na tupa. Nikawa nausugua pande zote kidogo kidogo, najaribu, nasugua tena, mpaka ukaingia kwa kugongwa polepole na kushika kilichobaki cha zile pembe. Nikakaza robo mzunguko. Nikaiacha besi ipumzike mpaka kesho yake, nikaweka rula ya chuma juu ya shingo, nikakaza tena kidogo. Ilinyooka. Uzi mnene bado unakwaruza ukiupiga karibu na kichwa cha gitaa, na sidhani utaacha.

Jumapili, baada ya misa, nikamkuta shemeji nje ya kanisa kati ya wanakwaya.

"Besi inalia muzuri, eh? Ni mimi nilitengeneza," alikuwa akisema.

Nikasogea mpaka mbele yake.

"Wewe uliiharibu. Niliyeitengeneza ni mimi. Baambie vile ilikuwa."

Akacheka kidogo, akatazama pikipiki yake, akaniambia nina roho mubaya. Mpaka leo hajaniomba radhi. Dada anasema nimemwaibisha mumewe mbele ya watu. Ndiyo, nimemwaibisha, na kesho akirudia nitamwaibisha tena.