Siku Niliyokula Kifuniko cha Mafuta

Nataka ieleweke kwamba lile jiwe sikulila kwa sababu ya njaa. Watu wa kwetu wamelisimulia jambo hili vibaya kwa miaka, wengine mpaka wanasema nilikuwa nimekosa unga. Unga ulikuwepo. Nililila kwa sababu lilikuwa kwenye leso yangu, na kwa sababu nilikuwa na mtoto wa miezi mitano aliyejua kuchagua wakati mbaya wa kulia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kampuni moja iliyokuwa ikitafuta mafuta huko kaskazini ilikodi stoo Kitengela, nyuma ya barabara ya Namanga. Mawe ya kutoka kwenye shimo lao yaliletwa na lori, ndani ya mifuko ya kitambaa na masanduku marefu ya mbao. Kazi yetu ilikuwa kuyaosha kwenye chungio, kuyakausha kwenye oveni na kuyapanga kwenye trei kulingana na kina yalikotoka. Tulikuwa wanawake wawili. Mwenzangu alikuwa mama wa Kimaasai kutoka upande wa Kajiado, mtu mzima. Nilimwita yeyo, yaani mama, naye aliniita siangiki, msichana aliyeolewa juzi. Kuolewa nilikuwa nimeolewa kweli, ila mwenye kuoa alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi, akaipata vizuri mpaka akasahau njia ya kurudi.

Mtoto alilala ndani ya sanduku tupu la mawe, nimemtandikia shuka ya yeyo. Ubavuni sanduku lilikuwa limeandikwa namba ya kina. Kwa makaratasi ya kampuni, mwanangu alitoka mita elfu mbili chini ya ardhi.

Mkubwa wetu tulimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Alikuwa amesomea mawe ng'ambo na hakutaka tusahau. Alikuwa amenionya mara mbili, na kosa la tatu lingekuwa kurudishwa nyumbani. Kosa la kwanza lilikuwa kuleta mtoto kazini. Kosa la pili lilikuwa kumjibu kuhusu hilo la kwanza.

Lakini kufundisha alijua, siwezi kumnyima hiyo. Alitueleza kwamba mafuta hayakai chini kama ziwa. Yanakaa ndani ya jiwe lenyewe, kwenye vitundu vidogo visivyoonekana. Ukidondosha tone la maji juu ya jiwe la mchanga, jiwe linalinywa mara moja kama mtu aliyetoka shamba. Hilo ndilo jiwe zuri la kubeba mafuta. Lakini juu yake lazima kuwe na jiwe lingine linalokataa kunywa, la udongo laini ulioshikana, la kufunika. Bila kifuniko, mafuta yanapanda polepole miaka na miaka mpaka yanaishia hewani, na wewe umechimba bure.

Na kifuniko alikipima kwa meno. Ndiyo, kwa meno. Alimega kipande kidogo akakitafuna kwa meno ya mbele. Kikikwaruza, kina mchanga ndani, si cha kuaminika. Kikiteleza kama siagi, huo ni udongo mtupu na kifuniko ni kizuri. Vyombo vingine vilikuwepo, lakini alisema wa kwanza kuulizwa ni mdomo.

Sasa mimi mambo ya kutafuna mawe nilikuwa mbele yake sana. Tangu mimba ilipoingia nilikuwa nakula odowa, yale mawe laini ya kijivu ambayo wajawazito hununua sokoni, na mtoto alipozaliwa hamu ilikataa kuzaliwa naye. Nilizipenda zikiwa na moto kidogo, zinanukia mvua ya kwanza. Na oveni ilikuwa hapo, inawaka siku nzima kwa gharama ya kampuni. Kila asubuhi nilitia zangu kwenye kipande cha karatasi ya bati, pembeni ya trei.

Siku hiyo kwenye oveni kulikuwa na vipande vitatu vya kifuniko, saizi ya kidole gumba, vya kijivu kama odowa zangu, vilivyokatwa kutoka kwenye jiwe lililokaa juu kabisa ya mafuta. Daktari alikuwa amevisubiri wiki nzima, kwa sababu jioni alikuwa anatuma ripoti. Ripoti ikisema kifuniko ni kizuri, kampuni ingechimba shimo la pili na sisi tungekuwa na kazi mwaka mwingine. Ikisema kinavuja, stoo ingefungwa. Alituambia hivyo mwenyewe, kutusukuma tuoshe haraka.

Mtoto akaanza. Si kulia, ni kupiga nduru. Nikafungua oveni kwa mkono mmoja, mwingine unafungua blauzi, nikatoa vyote, nikamwaga vya upande mmoja kwenye trei ya mezani na vya upande mwingine kwenye leso yangu, bila kuangalia vipi ni vipi. Hapo ndipo mambo yalipobadilishana viti.

Saa saba nikakaa na yeyo nje kwenye kivuli cha ukuta, nikatoa odowa yangu. Kipande cha kwanza kilinikwaruza meno. Cha pili pia, na kilinuka stovu. Nilivimaliza kwa hasira, sikutaka kutupa kitu nilichonunua, na cha tatu nikakila nusu. Nikamwambia yeyo kwamba yule mwanamke wa pale stage ya matatu anayeniuzia anaweka odowa pamoja na mafuta taa, na jioni nikitoka atanitambua. Nilikuwa hata nimepanga maneno, nitaanzia kwa mizani yake niishie kwa mama yake.

Tukarudi ndani. Daktari alikuwa amesimama kwenye meza na uso ambao hatukuwahi kuuona. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amemega kipande kutoka kwenye trei na anakizungusha mdomoni kama pipi.

"Mama, njoo uonje uelimike," akaniambia. "Hiki ndicho kifuniko. Nimefanya hii kazi miaka mingi, sijawahi kuonja laini namna hii."

Nikaweka kwenye ulimi. Ikanata, ikayeyuka, ikanukia mvua. Nikamwangalia yeyo, naye akasoma kila kitu usoni mwangu. Akanivuta pembeni, akasema polepole, "Nyamaza, siangiki. Wacha wachimbe."

Na ningenyamaza. Nasema ukweli, ningenyamaza hadi leo. Nilishaanza kupanga mwaka mzima wa maziwa na kodi ya nyumba. Lakini Daktari alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya aongee.

"Ndiyo tofauti," akasema. "Nyinyi wamama mnatafuna udongo hamjui mnakula nini. Mimi nikionja, najua."

Mdomo wangu haukuniuliza.

"Daktari, hiyo ni odowa yangu. Nilinunua jana kwa yule mama wa stage."

Tabasamu lilibaki pale pale, lilikosa pa kwenda. "Na ya kampuni iko wapi?"

"Nimekula."

"Yote?"

"Nusu moja ndio imebaki. Na hiyo ya kampuni si kifuniko cha maana. Inakwaruza, na inanuka stovu."

Nilitegemea kuonyeshwa mlango. Badala yake alikaa chini juu ya mfuko wa mawe, akaniuliza inakwaruza kiasi gani, harufu ilikuja mwanzo au mwisho, ilinata kwenye ulimi au haikunata. Akaandika kila nilichosema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu kama mtu anayetaka jibu. Halafu akaomba ile nusu, nikaifungua kwenye leso. Akaiweka ndani ya sanduku la taa ya zambarau, ambapo mafuta huwaka rangi ya manjano. Ukaonekana ufa mwembamba kama unywele, unawaka kutoka mwisho mmoja hadi meno yangu yalipoishia. Mafuta yalikuwa yamepita ndani ya kifuniko. Kilikuwa kinavuja tangu zamani za zamani.

Aliipiga picha ikaingia kwenye ripoti, meno yangu mawili ya mbele yakionekana wazi. Chini yake aliandika kwamba sampuli iliharibika kidogo wakati wa kukaushwa.

Kosa la tatu hakulitaja. Hakukuwa na haja, ripoti yenyewe ilifunga stoo. Mwezi haukuisha, lori likaja kubeba masanduku, pamoja na la mtoto, nikabaki nimembeba mkononi. Yeyo alirudi kwa mbuzi wake, nami nikamsindikiza mpaka stage. Pale akasema, "Mdomo yako, siangiki," basi, akapanda gari ya Kajiado.

Daktari aliniandikia barua ya kunisaidia kupata kazi. Ilisema kwamba mwenye barua anaweza kutofautisha udongo na mchanga kwa kuonja, bila chombo chochote. Niliipeleka shamba la maua Isinya, mtoto mgongoni. Msimamizi aliisoma mara mbili, akaniangalia, akasogeza ndoo ya maua ya waridi mbali kidogo na miguu yangu, ndipo akaniuliza naweza kuanza lini.