Mkono Juu ya Bomba

Siku yangu ya kwanza kazini Sista Mkuu hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Angeniuliza ningemjibu: nimesoma mpaka kupokea komunyo, basi. Alinishika mkono, akauweka juu ya bomba la chuma lililopita chini ya dirisha, akasema, "Sali Salamu Maria, polepole. Usipoona moto mpaka amina, chumba kina baridi, kaongeze kuni. Ukishindwa kufika amina, joto limezidi, punguza. Umeelewa, binti?"

Nilielewa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu enzi za Mwingereza, hapa Tabora, katika nyumba ya misheni ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Nyie mnaosema Tabora ni joto tu hamjaamka alfajiri ya mwezi wa saba mkiwa na uzito wa kuku. Nyumba ile ilipashwa joto kwa maji. Nje, nyuma ya ukuta, palikuwa na pipa kubwa juu ya meko ya kuni. Maji yakichemka yalipanda, yakazunguka kwenye mabomba vyumba vyote, yakipoa yakarudi pipani. Sisi wanawake wa kuni tulilisha meko, tukaingia ndani kushika bomba, tukatoka.

Niliyekaa naye gogo moja alikuwa Kalunde, mtu wa Ipole, Mmoravian, mjane mwenye mdomo.

"Nyie wa Roma ngozi zenu laini," alikuwa akinitania. "Mimi nikishika bomba nasali Baba Yetu nzima, na ufalme na nguvu na utukufu juu yake."

"Hiyo si ngozi," nikamjibu. "Ni ukaidi."

Mume wangu alikuwa amekwenda mkongeni na hakurudi. Nyumbani Mtendeni sikuwa na mtu wa kumwambia hata chumvi imeisha. Maneno yangu yote ya siku niliyasemea kwenye gogo lile.

Kisha ukaja umeme. Pembeni mwa pipa wakafunga hita, yaani tangi dogo lenye chuma cha kuchemsha maji ndani yake, na pampu ya kuyasukuma. Chumbani ukutani wakafunga thamostati. Hicho ni kidude kinachopima joto la chumba: pakipoa kinawasha hita, pakipata joto kinaikata. Wanawake wa kuni wakaagwa. Nikabaki mimi wa kushika bomba, kwa kuwa Sista hakuiamini mashine moja kwa moja. Kalunde akarudi Ipole kwa kaka yake, akawa anakula chakula cha kusemwa na wifi.

Thamostati ikaharibika. Mpya ikaja kwa treni, na seremala wa misheni akaifunga, maana ndiye aliyekuwa na bisibisi. Kesho yake alfajiri nikashika bomba: baridi kama jiwe la mtoni. Kesho kutwa, vilevile. Sista akatuma watu Ipole, na Kalunde akarudi kuwasha meko.

Alivyofurahi siwezi kuwaeleza. Alikaa kwenye gogo letu akasema, "Monika, mashine hii ikifa kabisa, mimi sirudi tena kwa wifi yangu."

Lakini niliona jambo. Kalunde aliwasha kuni alfajiri, na Sista alipopita asubuhi alikuta vyumba vina joto. Kabla ya adhuhuri moto ulikuwa umekufa na pipa limepoa. Ila jua likifika utosini, Sista akiwa zahanati, bomba liliwaka kiasi kwamba nilishindwa kufika "umejaa neema". Kitanda cha mtoto mmoja wa watu wa Usoke kilikuwa karibu na ukuta wenye bomba. Nilimkuta midomo imekauka, analia kwa sauti iliyofifia. Nikamsogeza katikati ya chumba, nikamdondoshea maji kwa kijiko.

Nikamwambia Kalunde. Akasema, "Ni kuni zangu. Mninga una moto wa kukaa."

"Pipa limepoa, Kalunde."

"Basi usiliguse bomba."

Wiki ile ile Sista akamwita Fundi wa Umeme kutoka mjini, Mhindi mtu mzima, mpole, mwenye mvi masikioni. Alifika asubuhi. Sista akamwonyesha hita, akamwambia afungue.

"Sifungui kwanza," akasema. "Waya nitazikuta palepale, Sista. Watu ndio wanasahau. Nani anaishi na mashine hii?"

Tukasimama mbele yake, mimi na Kalunde. Akauliza alfajiri inakuwaje. Tukasema baridi. Akatikisa kichwa. "Kama ni baridi siku nzima, chuma cha ndani kimeungua. Kingine kinatoka Ulaya. Mpaka kifike, mtatumia kuni. Na mchana je?"

Kalunde akawahi. "Mchana ni joto la kuni zangu, Fundi."

"Na wewe, mama?"

Kalunde hakunitazama. Alitazama mikono yake. Ningenyamaza, angekaa nami mwaka mzima, labda zaidi. Nilijua hivyo, na niliyajua pia masikio ya yule mtoto wa Usoke, madogo kama majani ya mlenda.

"Kuni zinakufa kabla ya adhuhuri," nikasema. "Bomba linawaka baada ya hapo. Alfajiri baridi, mchana moto."

Fundi akaingia chumbani, akaitazama thamostati. Halafu akaomba kikombe cha chai ya moto. Sista akadhani ana kiu, akamletea na sukari. Yule bwana akafunga taa ndogo ya majaribio kwenye waya unaotoka hapo kwenda kwenye hita, akakiweka kikombe chini ya thamostati, akangoja. Kidude kikalia tik, na taa ikawaka. Akaondoa kikombe, akakifunika kidude kwa kitambaa chenye maji baridi. Tik. Taa ikazimika.

"Inafanya kazi kinyumenyume," akasema. "Ikiona joto inawasha. Jua la mchana linaiwasha, baridi ya usiku inaikata."

Akazima swichi kubwa, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na skrubu tatu: moja ya umeme unaoingia, moja inayotoa umeme chumba kikipoa, moja inayotoa umeme chumba kikipata joto. Seremala alikuwa ameweka kila waya mahali ulipokaa kwenye kile cha zamani, lakini kipya hakikupangwa hivyo. Fundi akauhamisha waya mmoja tu. Akarudia kikombe, akarudia kitambaa. Safari hii kila kitu kilikuwa sawa. Kisha akainywa ile chai.

Nje Kalunde alikuwa anazima meko. Siku zote tulifukia makaa kwenye majivu ili yatufae baadaye. Siku ile aliyamwagia maji, ndoo nzima.

"Umebaki na bomba lako," akaniambia. Akajifunga kanga yake, akaenda.

Yule mtoto aliishi. Walikuja kumchukua akiwa amenona, wala hawakujua lolote. Sijutii nilichosema. Ningeulizwa leo ningesema vilevile.

Nilikaa na mashine ile mpaka nilipostaafu. Sista Mkuu aliyefuata aliliondoa gogo, akaniletea kiti, akisema mtunza mashine haketi chini. Nikakaa kitini nikisikiliza tik. Kuna siku nilisali Salamu Maria kwa sauti ili tu nisikie mtu akizungumza. Nyie vijana mnaojifunza umeme, mkibadilisha kifaa someni alama zake, msifuate mahali pa kile cha zamani, na muwaulize watu kabla ya kushika bisibisi. Na wewe utakayeulizwa, sema ulichoshika kwa mkono wako. Utarudi nyumbani peke yako. Hilo fundi hatakuambia.

Nilipostaafu nilikwenda Ipole. Kalunde alikuwa amezeeka, ana mizinga yake ya nyuki na nyumba yake. Tuliamkiana vizuri. Nilielekea jikoni, kwenye moto, akanizuia, akanitolea kiti barazani.

"Bomba lako bado linawaka?"

"Linawaka."

"Haya."

Akaniletea uji wenye asali. Kikombe alikuwa amekizungushia kitambaa, nisije nikaungua mkono.