Mtaa Wetu Tuliuacha wa Mwisho

Daktari alimwambia atembee. "Kila siku, mzee, hata kidogo. Huo mguu ukiukalisha, utakaa moja kwa moja." Mume wangu akaitikia "Inshallah" ile ya mtu asiye na nia, nami niliyeishi naye tangu ujana nikaijua palepale. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti cha ukumbini, akaitazama ndara yake, akasema hatoki.

Kiharusi kilikuwa kimempitia tu, alhamdulillahi, hakikumchukua. Ulimi ulirudi wote, mkono ulirudi karibu wote. Mguu wa kulia ndio uliogoma. Aliuburura, kidole gumba kikichora mstari sakafuni. Mimi nimefundisha darasa la pili mpaka nikastaafu, na mtu akinikaidia jambo lenye faida yake mwenyewe, damu hunipanda. Nikamwambia, "Utaoza kwenye kiti hicho." Akanijibu, "Na nioze." Tukanuniana hadi magharibi, kisha nikampakulia chakula, maana ningefanyaje.

Kisa chake nilikijua. Huku kwetu Mtopanga nyumba zimebanana, na karibu kila mlango una baraza, na kila baraza ina watu. Mume wangu kabla hajaugua alikuwa na kipaji kimoja kilichompa jina mtaa mzima: kuiga miendo ya watu. Alikuwa akirudi kutoka bandarini, alikokuwa akiendesha foklifti, hukaa barazani na kikombe chake cha kahawa tungu, na kila apitaye, akishapita, yeye huinuka akamwiga. Alimwiga imamu anavyokanyaga kwa hadhari. Aliniiga mimi nikitoka kugombana na muuza samaki. Na zaidi ya wote alimwiga fundi wa cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye nyonga yake ni mbovu tangu zamani na huenda akiinamia upande mmoja. Watu walishika mbavu. Fundi mwenyewe alicheka mpaka akatoa machozi, akimwita mlaaniwa na mwana hizaya.

Sasa yeye ndiye aliyekuwa na mwendo. Siku moja nikimkata kucha aliniambia, "Hawa wote nimewacheka. Wakiniona hivi wataniiga. Na wasiponiiga ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu watakuwa wananihurumia." Waliokuja kumtazama aliniagiza niwaambie amelala. Nao wakija huku yeye yuko nyuma ya pazia, akisikiliza sauti za marafiki zake mpaka waondoke. Mimi hilo lilinikata maini. Mtu yule bila baraza si mtu yule, na nilichokuwa nakiomba kwa Mungu si mguu tu, ni aweze tena kupita mtaa wake mwenyewe.

"Haya basi," nikamwambia, "twende mahali tusikojulikana."

Hapo alinisikiliza. Sharti lake lilikuwa moja, nisimwambie mtu. Basi tukawa tunatoka mapema kwa mlango wa nyuma, tuktuk inatungoja uchochoroni, nami nimevaa buibui na raba za mwanangu wa kike.

Tulianza Kengeleni. Maisha yake yote alipita pale akienda kazini, na kengele yenyewe hajawahi kuitazama. Tukaenda tukasimama chini yake, pale njia panda, magari yakipiga honi kila upande, tukaangalia lile jengo dogo na kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya watumwa waliokombolewa kwamba wawindaji wanakuja. Makanga mmoja wa matatu akamjia mbio. "Mzee, Nyali? Twende Nyali!"

"Naangalia kengele," mume wangu akamwambia.

Makanga naye akainua kichwa, akaangalia. "Kwani imeharibika?"

Tuliambaa na ukuta tukicheka, tukaingia ndani kidogo kwenye miti na nyumba za zamani, tukapumzika kwenye kivuli. Alikuwa anatoka jasho, na uso umempoa. Nilimuuliza mguu vipi. Akasema, "Hapa hapana anayejua ulivyokuwa, kwa hiyo ni mguu tu." Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu si kazi ndogo.

Bamburi ndiko alikokupenda zaidi, kule kwenye mashimo ya zamani ya kuchimbwa mawe ya saruji, yaliyopandwa mivinje mpaka yakawa msitu. Majani yake membamba yamedondoka yakatandika njia nzima, na mguu wake ulipoteleza juu yake haukufanya kelele. Kivuli kila mahali, ndege, harufu ya udongo uliolowa. Tumbili mmoja akanipokonya mahamri mkononi, wallahi, bila hata haya, akaenda kukaa juu ya tawi akayala akinitazama. Nilimtukana kwa yote niliyoyajua. Mara akatupita bwana mmoja wa makamo anayekimbia, kaptura fupi, viwiko vimebana mbavu, pumzi zikimtoka fu, fu, fu. Mume wangu akamngoja apinde. Kisha akanipa fimbo yake ya kutembelea, akabana viwiko, akaenda hatua chache vile vile, fu, fu, mguu ukimfuata nyuma. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu augue hakuwa amemwiga mtu. Nikamshukuru Mungu papo hapo, na tumbili juu akiendelea kula.

Basi tukazoea. Siku tulizotoka alirudi na njaa, akala, akalala usingizi wa mtoto. Mguu ukaanza kunyanyuka kidogo, ule mstari sakafuni ukawa unakatika. Lakini kila nilipomwambia, "Leo tupite mbele, tusalimie watu tu," uso ulimfunga. Atavuka nchi nzima, lakini si mtaa ule.

Na watu, nao, walikuwa na macho. Mume na mke wa umri wetu kuongozana kila asubuhi, bila harusi wala msiba, kwetu si jambo la kupita hivi hivi. Siku moja nilikuwa naanika nguo uani, mke wa fundi akanikuta.

"Mwalimu, mwaenda wapi kila kukicha?"

"Twatoka mara moja."

"Na mgonjwa, yuwaendeleaje?"

"Alhamdulillahi."

Sasa, asiye wa pwani hawezi kuelewa nilichokifanya hapo bila kukusudia. Mgonjwa akiwa hajambo, husemi hivyo ukanyamaza. Unasema alhamdulillahi, jana kala vizuri, kalala, anakusalimu sana. Lakini ukisema neno lile peke yake, kwa sauti ya chini, huku macho yako yanatazama chini, maana yake ni watu wajitayarishe. Na mimi nilitazama chini kwa sababu siwezi kumficha mtu jambo huku namtazama usoni. Mke wa fundi alinishika mkono, akaubana, akaondoka. Nikasema moyoni, mwanamke mwema huyu, na nikaendelea kuanika.

Baada ya hapo tukaenda Likoni. Feri ilinitia hofu zaidi yake yeye. Umati wa asubuhi unateremka ule mteremko kwa pamoja, watu wa makazini, vikapu, baiskeli, na mtu mwenye mguu mmoja mzuri hapo ni wa kuangushwa. Mtu akapaza sauti, "Mpisheni mzee!" na njia ikafunguka mbele yetu. Mume wangu alikasirika. "Mzee nani?" Lakini akapita, tena akipunga mkono kama mkubwa wa wilaya.

Ng'ambo tukachukua tuktuk hadi Mtongwe, tukatembea taratibu kwenye njia ya mchanga, minazi na makuti, kuku wa watu, watoto wakitusalimia shikamoo moja baada ya nyingine. Tulipofika mahali panapoonekana bandari upande wa pili wa maji, tukakaa juu ya gogo. Zile kreni zilikuwa zinashusha makontena. Akazitazama kwa muda mrefu.

"Nawatamani wale," akasema.

"Wa bandarini?"

"Wa bandarini nawataka nini, wamenivunja mgongo. Wa baraza."

Nikamwambia, kwa ukali niliokuwa nao, "Si wako pale pale! Barabara ya kwao huijui?"

"Siwezi, mwalimu." Huniita hivyo, mwalimu, akitaka nisimgombeze. "Msituni nimeweza, ferini nimeweza. Pale siwezi." Nikaona macho yamemlowa, nikamshika mkono kumwinua. Tukarudi ferini.

Ilikuwa karibu na adhuhuri tuktuk yetu ilipokuwa inataka kuingia uchochoro wa nyuma. Mume wangu akamshika dereva bega. "Zima kidogo."

Tukasikia. Sauti za wanaume wengi, kwa pamoja, zinasoma Yasini. Zinatoka mtaani kwetu.

Tulikuwa tumetoka tangu asubuhi na mapema, na simu niliiacha kwenye chaji. "Kafa nani?" akauliza. Akageuka rangi. "Ni fundi. Wallahi ni fundi, ile presha yake. Geuza! Pita mbele!"

Tuktuk ilizunguka hadi mwanzo wa mtaa, ikashindwa kuendelea kwa sababu mbele kumetandikwa majamvi na viti vimepangwa. Haikuwa imesimama vizuri na mume wangu ameshashuka. Fimbo kaiacha kwenye kiti. Akaenda. Mtaa mzima aliupita hivyo, mguu unaburura, mkono unapepea, kofia imemwendea upande, anapita baraza moja baada ya nyingine bila kumtazama mtu, nami nyuma yake na fimbo na mkoba, nikisema "Polepole, bwana, polepole!" Watu wakatugeukia. Kisomo kikapungua sauti, kikakatika.

Majamvi yalikuwa mbele ya mlango wetu sisi. Katikati alikaa fundi, mzima kabisa, juzuu mkononi.

"U hai?" mume wangu akamuuliza, anahema.

"Mimi?" Fundi akamkodolea macho. "Si mimi, ni wewe!"

"Mimi nimefanyani?"

"Tunakusomea shifaa, upone! Tumeambiwa umezidiwa, kila siku hospitali, na leo hamkuonekana kabisa!" Akamgeukia mke wake mlangoni, na wanawake wote wakamgeukia, naye akanigeukia mimi.

"Mwalimu," akasema, karibu kulia, "si uliniambia alhamdulillahi tu?"

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakuna aliyekuwa ananitazama tena. Walikuwa wanamtazama yeye, amesimama katikati ya njia, bila fimbo, mguu umeelekea nje, vumbi la Mtongwe hadi magotini. Wote waliuona. Hakuna aliyecheka. Nikaona uso wake unaanza kufunga, vile vile kama ukumbini, nikajua tukiachwa hivi dakika nyingine tu, hatoki tena maisha.

Fundi akaifunga juzuu, akaibusu, akaiweka kwenye mto. Akasimama. Akatoka nje ya jamvi, akainua kidevu kama anavyokiinua mume wangu, akaenda hatua tatu nne huku akiuburura mguu wa kulia, kidole kikichora vumbini. Nilimwendea nimzabe kofi, Mungu anisamehe.

Mume wangu akanizuia kwa mkono. Alikuwa anamtazama fundi kwa makini, kichwa kimeinama, kama anavyotazama injini mbovu.

"Sivyo," akasema. "Bega. Bega ndilo hushuka kwanza."

Akamwonyesha. Fundi akajaribu, na nyonga yake mbovu ikamvuta huku, bega likamvuta kule, akajikuta anazunguka mahali pamoja. Imamu ndiye aliyeanza. Alijifunika uso kwa kilemba, mabega yakitetemeka. Kisha mtaa mzima ukalipuka, na mume wangu amemwegemea fundi, wote wawili wanashikana wasianguke, "Mlaaniwa wewe!" "Mlaaniwa ni wewe!" Mimi nililia. Nililia wazi wazi, na mke wa fundi akilia nami, na hatukuulizana kwa nini.

Yasini ikamaliziwa. Yeye mwenyewe akakaa kwenye jamvi, akaitikia amin dua ya kuombewa yeye kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akala mbaazi mpaka nikamkataza. Ilipoadhiniwa waliinuka kwenda msikitini naye akainuka nao. Nikaokota fimbo nimfuate.

"Wewe wapi?" akaniuliza.

"Nakusindikiza."

"Na hawa wote ni nini?"

Wakaondoka, wote wakienda taratibu kwa mwendo wake, na hakuna aliyeambiwa. Nilisimama mlangoni na furaha tele, na wivu kidogo pia, nisiseme uongo. Nilidhani zile asubuhi zangu ndizo zimekwisha.

Kesho yake aliniamsha yeye. "Mwalimu, Changamwe hatujaenda." Tukatoka. Lakini sasa tulipita mtaani, na kwetu hupiti baraza ya mtu ukasema hujambo ukaenda zako. Hapa habari za mguu, pale habari za Likoni, hapa kahawa, pale kahawa nyingine, kwa fundi ikabidi aonyeshe bega upya kwa sababu kuna wageni hawakuliona. Nilisimama nikitikisa mkoba, nikakasirika, nikasahau kukasirika. Tulipofika barabarani jua lilikuwa limeshakuwa kali, tuktuk zinapita tupu mbele yetu. Akanitazama, nikamtazama, tukageuka tukarudi nyumbani.