Posa Juu ya Magunia Matupu

Dorothea aliajiriwa na mnunuzi wa karanga, mmoja wa wale walioibuka miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tajiri huyo alimweka Ihumwa kwenye simu ya upepo, kwa sababu Gulwe na Makutupora hawasikiani. Vilima vimewakalia katikati. Yeye anapokea huku, anapeleka kule, kwa betri ya gari iliyojichokea.

Ili isimfie, akabuni ujanja. Ujumbe wa pande mbili ukigongana, anaufuma pamoja, neno la huyu, neno la yule, anautangaza mara moja. Kila mtu anafuta maneno yake, yanayobaki ni ya mwenzake. Rahisi kabisa, ili mradi mtu akumbuke alichosema. Sasa, mtu wa simu wa Gulwe alikuwa Yotham: sura nzuri, kichwa pakacha.

Jumatatu Yotham alituma kwa Mzee Sila wa Makutupora, baba yake Dorothea: "Nije Jumapili na wazee?" Posa hiyo, tena inapitia mdomoni mwa mposwa! Wakati huohuo Mzee Sila akatuma: "Tuma magunia matupu haraka." Dorothea, kwa furaha, akafuma na kutangaza: "Nije tuma Jumapili magunia na matupu wazee haraka."

Mzee Sila akafuta yake, akaelewa, akaanza kutafuta mbuzi wa Jumapili. Yotham yeye aliapa kwamba alisema "wazazi", kwa hiyo akabaki na "tuma magunia matupu wazee haraka". Akachekelea: mkwe keshakubali, tena ana haraka.

Alhamisi akawashusha wazee kwenye lori la magunia, vumbi hadi kwenye kope. Jikoni kwa Mzee Sila hakuna hata chungu, na mwenyewe yuko kifua wazi anapura mtama.

"Mimi niliomba magunia matupu tu," alisema kwa mshangao. Wazee wakasikia wanaitwa magunia matupu. Loo, kasheshe! Wakaanza kupanda lori warudi kwao.

Mzee Sila akamwita bintiye hewani awaeleze. Dorothea akaeleza, roho mkononi, maana lori likiondoka na mume kaondoka. Wazee wakamgeukia Yotham, wakamsonya. Kule Ihumwa betri ya Dorothea ilikuwa inakata roho.

"Yotham," Dorothea akaita, "acha kutuma watu. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Yotham akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Nataka kukuoa, Dorothea."

"Nimekupata," alijibu, na betri ikazima.

Kule Makutupora mzee mmoja akateremka kwenye lori, akauliza maji ya kunawa yako wapi.