Marahaba ya Wodi ya Kifua

Siku yangu ya kwanza wodi ya kifua, hapa Tabora, niliingia na barakoa kama tulivyofundishwa chuoni. Matroni alinitazama kama nimeingia msikitini na viatu.

"Binti, utamwamkiaje mzee wa watu umejiziba mdomo? Huko ni kumnyanyapaa. Vua!"

Nikavua. Kila asubuhi tulipita vitandani na shikamoo zetu, na marahaba za wodi ile zilikuja na kikohozi. Mwenye kifua kikuu akikohoa, vijidudu huelea hewani. Ndiyo maana madirisha yalijengwa makubwa, yakitazamana, upepo upite. Kiangazi, vumbi lilipoanza, Matroni aliyafunga ili mashuka yasichafuke. Mashuka! Mapafu yetu nani angeyafua?

Barakoa nzito, zile zinazochuja hewa, zilikuwapo, zimefungiwa kabatini. Zilitoka wakija wageni wakubwa. Wao walipiga picha wakaenda zao, sisi tukabaki na kikohozi.

Muuguzi mwenzangu Mwajuma, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Kanyenye, akaanza kukonda na kutoka jasho usiku. Makohozi yake yalipopimwa, ni kifua kikuu. Nikamwendea Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali.

"Daktari, Mwajuma ameupata humu humu."

"Una ushahidi gani? Kanyenye watu wamebanana. Ameupata kwao."

Kwao! Kwao hakukohoa hata paka. Mwajuma alimaliza dawa, akapona, lakini pafu moja lilikuwa limeshaharibika. Hata kusukuma toroli la dawa alishindwa, akaacha kazi bila kuambiwa pole. Hasira ile sijaimeza mpaka leo, na wala sina mpango wa kuimeza.

Mimi nikahamishiwa Isikizya, nikawa msimamizi wa wodi. Kwangu madirisha yalibaki wazi na vumbi liliingia lilivyotaka, na asiye na barakoa hakukanyaga. Waliniita mkali. Nikastaafu nikiwa mkali vilevile.

Juzi nilimsindikiza Mwajuma kliniki ya kifua. Muuguzi kijana, barakoa imemkaa vizuri, alipoona mvi zetu aliishusha hadi kidevuni, akapiga goti.

"Shikamooni, mama zangu."

Nikafungua mdomo nifoke, lakini Mwajuma aliniwahi kwa kuinua mkono. Hakuitikia. Binti akabaki na goti lake, uso umemshuka, akidhani ametukosea adabu.

"Pandisha kwanza," Mwajuma alisema, akatafuta pumzi. "Ndipo nikuitikie."