Video Aliyoifuta Mwalimu Nakunda

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, nami nimeona nikuachie kabla sijamaliza shule. Usicheke kwamba nakuita mwanangu wakati sina hata ndevu. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi cha tatu, na kwenye shule hii ambayo maji tunayapandisha mlimani kwa ndoo, miaka miwili inatosha kumzeesha mtu magoti. Kaa, nami nikae. Nimechoka.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, Mwalimu Nakunda wa baiolojia alichaguliwa kusoma mafunzo ya mtandaoni, ya namna ya kuwafundisha wanafunzi kujiepusha na dawa za kulevya. Mafunzo yalikuwa ndani ya simu. Simu ilikuwa yake, bando lake, na mtandao ulipatikana mahali pamoja tu: juu ya lile jiwe nyuma ya jiko la shule, ukigeukia upande wa Same mjini. Kila baada ya vipindi tulimwona pale, kanga kichwani, moshi wa maharage ukimpitia usoni, anabonyeza majibu. Nikawa nawaambia wenzangu kwamba mwalimu anaongea na mizimu ya Wapare. Alinisikia, akanitazama tu. Alikuwa amechoka hata nguvu za kuniadhibu hana, na uchovu wa namna hiyo unatisha kuliko fimbo.

Zoezi la mwisho lilimtaka ajirekodi akifundisha, atume video kabla jua halijazama. Akikosa, anaanza mafunzo upya. Simu akanipa mimi nishike.

"Ukiwa na kazi ya mikono," aliniambia, "labda mdomo utapumzika."

Mafunzo yalimwelekeza aanze kwa kuuliza: tajeni dawa za kulevya mnazozijua katika mazingira yenu. Nadhani aliyetunga swali lile anaishi mahali ambapo kutaja ni kutaja tu. Huku kwetu kuna mirungi, yale majani machanga ambayo watu hutafuna ili wasilale. Ni marufuku, lakini anayeilima kwenye matuta ya juu si jambazi wa sinema. Ni mama unayempa shikamoo ukienda kanisani. Ukiitaja, umeshaonyesha njia ya shamba la mtu.

Kwa hiyo tukataja kokeini. Tukataja heroini. Mmoja akataja kitu ambacho mpaka leo naamini ni dawa ya kupe wa ng'ombe. Mikono ilijaa hewani, na hakuna aliyewahi kuona hata kimojawapo.

"Na hapa kwetu?" akauliza mwalimu.

Mikono yote ikashuka. Tukawa tunamsikiliza kuku anatembea uani.

Basi akasoma kwenye karatasi aliyonakili kutoka kwenye simu: anayelima au kuuza dawa za kulevya ni adui wa watoto.

Kiondo akasimama. Huyu alikuwa mtu wa dawati la nyuma, hata kuitika jina aliitika kwa shida.

"Mama yangu si adui wa mtoto yeyote, mwalimu," alisema. "Babu aling'oa kahawa bei ilipoanguka, baada ya wanunuzi binafsi kuja na kupotea. Sisi tumezaliwa tukakuta mirungi. Ada yangu inatoka humo. Na kaka yangu anaitafuna, hapati usingizi, usiku anaongea na ukuta. Sasa mimi nimchukie nani?"

Kwenye habari ya ukuta watu wakacheka. Mimi pia nilikuwa na neno tamu kwenye ncha ya ulimi. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye kioo cha simu, na mle ndani Kiondo alionekana wazi, uso mzima, na nyuma yake ukutani jina la shule. Siku chache kabla, jirani yao alikuwa amechukuliwa na polisi, na shamba lake la mirungi likafyekwa. Neno langu nikalimeza.

"Zima," akasema mwalimu.

Akaichukua simu, akatugeukia. "Kila siku najiuliza kwa nini hamniambii ukweli. Leo mmoja kaniambia, mkamcheka. Nikiuliza tena kesho mtanitajia kokeini."

Akamwita Kiondo, akaifuta ile video mbele yake, ili aone kwa macho yake mwenyewe.

"Jua bado lipo, mwalimu," nikasema. "Tunaweza kurudia."

"Turudie nini? Kiondo akae kimya, nyie mnidanganye, halafu mimi nifaulu?" Akavuta kiti, akakaa. "Nitaanza upya."

Karatasi akaiweka chini. Akatufundisha kwa maneno yake mwenyewe, mpaka kengele, majani yale yanavyomnyima mtu usingizi na mwisho yanavyomnyima akili yake. Hakumwita mtu adui. Nilijifunza mengi siku ile kuliko muhula mzima.

Muhula uliofuata alikuwa juu ya jiwe tena, somo la kwanza. Jioni moja nikamkuta Kiondo amesimama pale, anamshikia mwavuli. Pembeni alikaa kaka yake, mwembamba kama ufagio, anasikiliza sauti ya simu. Sikudanganyi, mwanangu: bado anatafuna, na mama bado analima. Lakini siku ile huyo kaka alikuwa ameshuka kwa miguu yake mwenyewe, akauliza zahanati inafunguliwa lini.

Basi nasaha yangu ni hii. Majani yale usiyaonje hata kwa utani. Mimi nafanyia utani kila kitu, lakini hilo silifanyii. Mwenzako akisema jambo la nyumbani kwao, usimcheke wala usilitoe nje ya darasa. Ukishika simu, kumbuka kuna mama wa mtu mle ndani. Na mwalimu aliyechoka, msaidie ndoo.

Nenda, mwanangu. Magoti yako yachelewe kuzeeka, usingizi wako uwe mzito, na siku utakaposimama kusema la kweli, Mungu akuwekee mbele yako mwalimu aliye tayari kuanza upya.